Alisema Mara Tatu

Huku Mbagala na Tandale, mwanamke aliyechoka na baba watoto asiyetoa hela ya matumizi haanzi kwa kumtaja hakimu. Husema: "Nitakupeleka ustawi." Wapo wanaume ambao wakisikia hivyo huanza kupapasa mfuko kutafuta noti. Wapo pia ambao hupandwa na mori, na hao ndio wanaoingia ofisini wamekwisha kuvimba. Anayewapokea ni afisa ustawi wa jamii, pengine binti aliyesoma pale Kijitonyama na kuhitimu miaka michache iliyopita, ana meza, kalamu, rundo la majalada na mlango usiofunga vizuri.

Kisa kifuatacho nimekiunga kwa vipande vya mambo yanayotokea katika kazi hii, kwa hiyo asitafutwe mtu wala ofisi. Nimekiweka Chamazi, ukishapita Mbagala Rangi Tatu. Kingeweza kuwa cha Bunju au Mabwepande, kisibadilike kitu ila nauli.

Afisa wetu alikuwa na miaka sita kazini. Shauri lilianza kama yanavyoanza mengi. Mama mmoja alifika kulalamika mambo mawili: mtoto mdogo aliye naye hapewi matunzo, na yule mkubwa, wa kiume, aliyebaki kwa baba yake Chamazi, anapigwa. Baba ni fundi wa kuchomelea mageti. Ikaandikwa barua ya wito, ikapitia ofisi ya serikali ya mtaa, hakuja. Ikaandikwa ya pili, akaja.

Hapa nitoke kidogo kwenye kisa, maana watu husahau tulikotoka. Kabla ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, sheria iliyokuwapo ilimpangia mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Kiasi hicho hakikuwa kimeguswa kwa miongo kadhaa, shilingi imekwisha kupoteza thamani yake yote. Zama zile afisa alitukanwa na akina mama, na ukiwasikiliza huwezi kuwalaumu. Sasa matunzo hupangwa kwa kuangalia kipato cha mzazi na mahitaji ya mtoto, na matusi yamehamia upande wa pili wa benchi. Anayekaa katikati ni yuleyule.

Siku ile mambo yalikwenda vizuri, au yalionekana hivyo. Fundi alibisha, akapiga meza, akashuka, akakubali kiasi, akatia saini. Alipofika mlangoni akageuka. "Sikiliza dada. Mimi na mama watoto hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na wewe. Utanitambua."

Mwenzake wa meza ya pili alicheka. "Mimi nimeambiwa nitawatambua wangapi? Mpaka leo sijamtambua hata mmoja." Wakacheka wote, chai ikaendelea. Kwenye jalada ikaandikwa kwamba pande zote mbili zimekubaliana, mlalamikiwa ameahidi kutoa matunzo kuanzia mwisho wa mwezi. Maneno ya mlangoni hayakuandikwa.

Kwa nini hayakuandikwa? Sababu ya kwanza ni ya kijinga tu: fomu haina nafasi yake. Kuna nafasi ya jina, ya umri, ya dini, ya makazi, ya aina ya shauri. Ya tishio hamna. Ya pili ndiyo nzito. Afisa anayepeleka habari ya kutishwa kwa mkubwa wake huulizwa swali moja ambalo limenyamazisha wengi: "Kwani wewe ulimwambia nini?" Swali hilo humgeuza aliyetishwa kuwa mtuhumiwa. Hudokeza kwamba afisa mwenye busara hatishwi, na ukitishwa basi hujui kuongea na watu. Baada ya kuulizwa hivyo mara moja, mtu hujifunza kumeza. Akimeza mara kumi, husifiwa kwamba amekomaa kazini.

Mara ya pili ilikuwa simu, saa nne usiku. Namba binafsi ya afisa fundi alikuwa nayo kwa sababu alipewa na ofisi ile ile: simu ya mezani haikuwepo, na wito wa ufuatiliaji ulipigwa kwa vocha ya afisa mwenyewe. Safari hii sauti ilikuwa ya upole. Alisema mama watoto amemhonga afisa, analijua hilo. Alisema atamsomea halbadiri. "Siku saba hazifiki."

Kesho yake habari hiyo ilizunguka ofisi nzima. Mlokole mmoja alimwombea palepale akimshika mabega. Mwenzake Mwislamu alimwandikia kwenye karatasi dua ya kujikinga asubuhi na jioni. Mwingine alisema hayo ni mambo ya kizamani, apuuze. Wote walimtakia mema. Lakini wote walijadili kisomo, hakuna aliyemjadili msomaji. Kama halbadiri inadhuru au haidhuru, hilo wanalijua wenye elimu yake. Ninachosema mimi ni kwamba mtu anayeamini kwa dhati kuwa inadhuru, kisha akakutangazia kuwa ameielekeza kwako, amekwisha kuamua kudhuru. Zikipita siku saba nawe ukiwa mzima, uamuzi ule bado anao, na huenda sasa akatafuta njia nyingine. Siku saba zilipita. Afisa akapata nafuu ya moyo, wakati ndio kwanza alipaswa kuwa macho.

Mara ya tatu haikusikika kama tishio kabisa. Ilikuwa salamu. Kijana wa bodaboda kwenye kijiwe cha karibu na anapoishi, Kijichi, alimwambia: "Dada, kuna jamaa fundi mageti alipita hapa. Kaniuliza kama wewe ndiye yule wa ustawi, nikamwambia ndiyo. Kasema nikusalimie." Kijana alikuwa anafikisha ujumbe tu, kwa heshima zote. Afisa alilipa nauli, akaingia ndani, akafunga komeo. Wiki nzima akawa anashukia kituo cha mbele yake na kurudi kwa miguu. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na kwa kweli wengi wao ndivyo wanavyojilinda: kubadilisha njia, kubadilisha kijiwe, kubadilisha laini ya simu, kutovaa sare ya idara mtaani, kumwambia mtoto wa nyumbani asifungue mlango. Kila mmoja kwa akili yake, kimyakimya, kana kwamba ana deni.

Ijumaa moja mchana ikaja taarifa. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa amepiga 116, ile namba ya bure ya kutoa taarifa za watoto: mtoto wa fundi alikuwa na majeraha ya moto mkononi, na tangu Jumatano hajaonekana darasani. Afisa aliomba gari la idara, likawa limekwenda kwenye kikao. Akampigia mtendaji wa mtaa, simu imezimwa. Akapigia dawati la polisi la jinsia na watoto, akajibiwa kwamba askari hawapo, asubiri kesho asubuhi. Mama wa mtoto alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, analia kwa sauti ya chini bila kukoma. Wewe ungefanyaje?

Alichukua bajaji, akaondoka na yule mama. Sheria ya Mtoto inamruhusu afisa kuingia nyumbani kuchunguza akiwa ameongozana na polisi. Alijua. Alijua pia kwamba kabla ya asubuhi ya kesho yake mtoto aliyeunguzwa mkono anaweza kuunguzwa mkono mwingine pia. Kitambulisho kilikuwa ndani ya mkoba, chini ya kanga na chupa ya maji.

Mtoto walimkuta kibarazani peke yake. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa cha shati. Afisa akakifungua taratibu, akaangalia, akakifunga tena. Hakusema neno. Akamshika mkono ule mzima, wakaanza kuelekea kwenye bajaji. Karakana ya baba ilikuwa nyumba tatu mbele, na mngurumo wa jenereta ulikuwa umenyamaza. Fundi alitokea njiani, miwani myeusi ya kuchomelea ameipandisha juu ya paji la uso. Alimwona afisa, akamtambua. Hakutaja ustawi wala hakumtukana.

Alipiga kelele: "Mwizi wa mtoto!"

Anayeishi Dar es Salaam hahitaji kuelezwa neno hilo hufanya nini. Jiji lilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022, na huku pembezoni ndiko wengi wanakohamia; nyumba mpya, wapangaji wapya, jirani humjui jina. Vijana waliotoka mbio kwenye pool table hawakumjua afisa, na yule mama hawakumjua vilevile, kwa kuwa aliondoka pale kabla wao hawajahamia. Alikuwa anapiga kelele kwamba ni mwanawe, lakini sauti yake ikapotea ndani ya sauti nyingine. Dereva wa bajaji aliwasha akakimbia. Jiwe la kwanza lilimpata afisa juu ya jicho.

Aliyemwokoa ni mjumbe wa shina, bibi mmoja mpika vitumbua, mwenyeji wa pale tangu Chamazi ikiwa mashamba ya mikorosho. Alijipenyeza hadi katikati, kanga imemwanguka mabegani, akasimama mbele ya yule aliyekuwa ameshika tofali. "Mwizi gani huyu anakuja kuiba na mama mzazi wa mtoto? Mimi nimemtahirisha huyu mtoto, mama yake simjui?" Hakungoja jibu. Akawavuta wote watatu hadi chumbani kwake, akabana mlango kwa kitanda. Polisi walifika jua likikaribia kuzama. Mlango ulikuwa umepasuka mahali pawili.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana funzo limo humu kuliko kwenye mawe. Afisa alipewa PF3, akashonwa nyuzi saba, akafungua RB. Mpelelezi alimuuliza kama mtuhumiwa aliwahi kumtishia. Ndiyo, mara tatu. Uliripoti wapi? Kimya. Shahidi wa maneno ya mlangoni? Mwenzake alikumbuka kwamba walicheka, maneno yenyewe hakuyakumbuka. Simu ya usiku? Orodha ya simu ilionyesha kwamba ilipigwa na ilidumu dakika nne, kilichosemwa haikuonyesha. Kijana wa bodaboda akasema hataki mambo ya mahakamani, yeye alipeleka salamu. Naye fundi alikuwa na maelezo mafupi yaliyonyooka: alikuwa kazini, akaona mtu anamkokota mwanawe kwenda kwenye bajaji, mzazi gani asingepiga kelele? Kisha likaletwa jalada la ustawi. Likasomwa. Lilimwelezea mtu aliyeitwa, akaja, akakubali, akatia saini. Afisa alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe utetezi wa mtu aliyemwitia umati.

Mtoto alipelekwa mahali salama, na kesi ya kumuunguza ikaenda kwa njia yake. Ile ya afisa ilififia.

Mtu asidhani nimetia chumvi kwenye umati. Mwanzoni mwa Oktoba 2016, watafiti wawili wa kituo cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Walikuwa watumishi wa umma waliokwenda kuchukua sampuli za udongo. Ikavuma kwamba ni wanyonya damu, wananchi wakawavamia, gari lao likachomwa moto. Udongo! Kama wa udongo waliuawa kwa uvumi, anayekwenda kushika mkono wa mtoto wa mtu ajipimie mwenyewe.

Wala tusijidanganye kwamba ni umaskini wetu tu. Tarehe 7 Agosti 2015, katika mji wa Barre, jimbo la Vermont, Marekani, afisa aitwaye Lara Sobel alipigwa risasi akitoka kazini, nje ya ofisi yake, na mama aliyekuwa amenyang'anywa malezi ya binti yake. Tarehe 4 Januari 2022, afisa mwingine, Deidre Silas wa jimbo la Illinois, alikwenda peke yake kukagua hali ya watoto katika nyumba moja ya mji mdogo wa Thayer, akauawa humo humo. Jimbo lake baadaye likawaruhusu maafisa hao kubeba dawa ya pilipili ya kujikinga. Sina ubaya na dawa hiyo, lakini ukinipeleka Chamazi mbele ya vijana thelathini wenye mawe nitaomba yule bibi wa vitumbua kabla ya kopo lolote. Ulinzi wa afisa wa huku ni watu wanaojulikana mtaani: mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji. Atakayekwenda bila wao amekwenda mgeni, hata awe na barua yenye muhuri.

Wakongwe wa kazi hii wanayajua hayo na mengine mengi ambayo hayamo kwenye vitabu vya chuo. Chukua siku ya majibu ya vinasaba. Ombi la kipimo cha baba wa mtoto haliendi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa mtu kujiendea. Sheria ya vinasaba ya mwaka 2009 imeweka mamlaka za kuomba, afisa ustawi akiwa mojawapo, na majibu hurudi kwake. Kwa hiyo ni yeye atakayemwambia mwanamume kwamba mtoto aliyemlea miaka saba si wake, mke akiwa kwenye kiti cha pembeni. Mkongwe hafungui bahasha kabla hajapanga chumba. Huondoa mezani chupa ya chai, mkasi na ile mashine nzito ya kutoboa karatasi. Kiti chake hukiweka upande wa mlango, wateja wakae upande wa dirisha. Humwita kila mmoja kwa wakati wake, mwanamke ndiye wa kwanza kuondoka, na huhakikisha ana pa kulala usiku huo pasipojulikana na mume. Afanyapo hayo hatetemeki wala hajigambi.

Kijana aliyeajiriwa jana atayajulia wapi, kama si kwa mkongwe kumwambia? Na mkongwe atamwambiaje, ikiwa ofisi nzima imekubaliana kwamba vitisho ni vichekesho vya saa ya chai? Kicheko kile kina faida yake, sikikatai. Kuna siku bila mzaha mtu angeandika barua ya kuacha kazi. Ubaya wake ni kwamba hufunga mjadala. Tishio likishachekwa, aliyelipata akilirudia huonekana mwoga.

Wapo watakaosema afisa alijitakia: hakungoja polisi, hakungoja mtendaji, alificha kitambulisho. Kosa lipo, lakini nikimlaumu yeye kwa robo, robo tatu naipeleka juu. Gari lililokwenda kikaoni halikujipeleka lenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda vya Chang'ombe peke yake. Na mahali pa kazi pa afisa huyu ni pamoja na kibaraza cha mteja. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo, na aliyepasuliwa paji la uso akiwa kwenye shauri la ofisi ameumia kazini. Ila madai huanzia kwenye taarifa ya mwajiri, na mwajiri aliyezoea kuuliza "ulimwambia nini" hana haraka ya kuandika taarifa.

Nawe mwananchi wa kawaida, ukisikia "mwizi wa mtoto" mtaani kwenu, usiokote jiwe. Ziba njia ili mtu asiondoke, mwite mjumbe, piga 112. Kama ni mwizi kweli, hatakimbia. Kama ni wa ustawi, utakuwa umeokoa watu wawili.

Kwa wakuu wa idara ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti ya mwaka ujao. Jumatatu nunueni kaunta buku moja. Choreni safu: tarehe, namba ya jalada, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, aliyesikia, hatua iliyochukuliwa. Mtu asiandike "alitoa lugha isiyofaa"; aandike "utanitambua", aandike "siku saba hazifiki", aandike na salamu za bodaboda. Jina la mteja likitokea mara ya pili, shauri lihamie kwa afisa mwingine, na nyumbani kwake asiende mtu bila askari na mtendaji, hata gari likosekane hadi kesho. Daftari likae mahali ambapo kila afisa analifikia, na mkuu alitie saini kila Ijumaa. Na atakayekuja kuandika, asiulizwe alimwambia nini mteja.